Kumsindikiza Anayelia

Mwaka jana, mwezi wa nane, tulitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa nyumba ya dada yangu pale Kibiti, tukaonyesha The Kid ya Charlie Chaplin. Wazo lilikuwa la mpwa wangu. Yeye hupiga kinanda kwenye bendi ya harusi, na siku moja alikuwa ameona kwenye simu video ya ukumbi fulani huko Ulaya: filamu ya zamani isiyo na sauti inaonyeshwa, na mbele ya pazia kakaa mzee mmoja kwenye kinanda kikubwa kama kabati la nguo, anaipigia filamu tangu mwanzo hadi mwisho bila kupumzika.

"Mjomba," akaniambia, "hiyo kazi mbona naiweza?"

Na kweli aliiweza. Watu walikuja na mikeka yao, watoto wakakaa mbele kabisa, wazee wakaletewa viti. Rafiki yake mmoja akashika maiki, akawa anatafsiri yale maandishi yanayotokea katikati ya picha na kuongeza ya kwake, kama tulivyozoea kwenye mabanda ya video. Kinanda kikawa kinalia kama filimbi, kinalia kama honi, kinanguruma. Mtoto alipovunja kioo cha dirisha kwa jiwe na Chaplin akatokea kwa mbali amebeba vioo mgongoni, akijifanya fundi aliyepita tu njia, uwanja mzima uliangua kicheko.

Kwa ambaye hajaiona: mama mmoja maskini anamtelekeza mtoto mchanga ndani ya gari la matajiri. Wezi wanaiba lile gari, wanamkuta mtoto, wanamtupa uchochoroni. Mzururaji mmoja asiye na mbele wala nyuma anamwokota na kumlea kwa miaka mitano. Halafu mtoto anaugua, daktari anagundua kwamba huyu si baba yake, anatoa taarifa, na wanakuja watu wa kituo cha yatima wakiwa na lori. Wanapigana mle chumbani. Mtoto anabebwa, anarushwa nyuma ya lori, anasimama, ananyoosha mikono mbele analia. Lori linaondoka. Mzururaji anatokea juu ya paa, anakimbia paa hadi paa kulifuata.

Hapo mpwa wangu akaweka mdundo wa mchiriku. Kwake zilikuwa mbio, na mbio zinataka mdundo. Rafiki yake akapaza sauti kwenye maiki: "Dogo kabebwa! Leo utaisoma namba!" Watu wakacheka. Nami nilicheka, sitaki kujitoa.

Mama mmoja jirani, ambaye tangu utoto namwita shangazi, akainuka, akakunja mkeka wake, akaondoka. Hakusema kitu. Nilidhani amechoka.

Asubuhi nilikwenda kumsalimia. Nikamkuta uani anapeta mchele.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Wazima huko?"

"Wazima. Jana umetukimbia mapema."

Akaendelea na ungo wake. Halafu akasema, bila ukali wowote, "Yule mtoto alikuwa analia."

"Ni filamu ya kuchekesha, shangazi."

"Najua. Nimecheka mimi, pale kwenye vioo mbavu ziliniuma. Lakini pale alikuwa analia, na nyie mkampigia ngoma."

Sikuwa na jibu. Akabadili mazungumzo, akaniuliza habari za watoto, akanifungia mihogo kwenye mfuko. Nilipoaga akanisindikiza mpaka kwenye mwembe ulio karibu na barabara, akasimama, akarudi zake.

Shangazi ana yake yaliyompata. Sitayasimulia, kwa sababu hakunipa niyasimulie. Nitasema tu yale ambayo nchi nzima inayajua. Mwaka 2017 huku kwetu, Kibiti na Rufiji, viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa kwa risasi, mmoja baada ya mwingine. Mwezi wa Aprili mwaka huo polisi 8 waliuawa katika shambulio moja. Kuna watu waliohama nyumba zao, na kuna watu waliotoweka. Novemba akatoweka Azory Gwanda, mwandishi wa habari wa kujitegemea aliyekuwa akiliandikia gazeti la Mwananchi, na ambaye alikuwa ameandika habari za mauaji hayohayo. Mpaka leo hajarudi. Katika miezi ile watu walijifunza kujibu kwa ufupi. Nani amekuja? Sijui. Gari gani? Sikuliona. Kimya kilikuwa ndiyo nguo ya kutokea nje.

Sasa mwambie mtu aliyeishi hapo kwamba mtoto anayerushwa nyuma ya gari huku akinyoosha mikono ni mzaha. Anaweza kukuelewa, maana si mjinga. Lakini hawezi kukubaliana nawe.

Jambo lililonishtua zaidi nililigundua baadaye, nilipoanza kusoma habari za filamu yenyewe. Mtoto yule, Jackie Coogan, alilia kweli. Chaplin mwenyewe ameeleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1964 kwamba siku ya kupiga picha ile mtoto alikuwa mchangamfu, machozi hayakuja. Baba yake akasema niachieni mimi. Akamtishia kwamba asipolia, atatolewa studio na kupelekwa kwenye nyumba ya maskini kwelikweli. Mtoto akalia kwa uchungu, kamera ikanasa. Chaplin anasema alimbeba kumbembeleza, na mtoto akamnong'oneza kwamba alijua baba anatania tu. Huenda alijua. Lakini machozi yaliyopo kwenye picha ni machozi. Tena Chaplin mwenyewe, akiwa na miaka 7, alipelekwa na mama yake na kaka yake kwenye nyumba ya maskini ya Lambeth, London. Na mwaka 1919, muda mfupi kabla ya kuianza filamu hii, mtoto wake wa kwanza alikufa akiwa na siku 3. Shangazi hakujua lolote kati ya haya. Aliangalia tu uso wa mtoto. Sisi tuliokuwa na kinanda na maiki hatukuuangalia.

Basi swali langu ni hili: anayepiga kinanda mbele ya picha isiyosema, je, anawajibika kwa yale anayotufanya tuyahisi? Au yeye ni fundi tu, analeta kilichoagizwa?

Tuanze na jina. Kwa Kiswahili tunaziita filamu bubu. Jina hilo tumelikubali haraka mno. Watu waliomo ndani si mabubu. Angalia midomo yao: wanaongea, wanafoka, wanaomba. Yule mtoto anaita. Asiyesikia ni sisi tuliokaa kwenye mikeka. Uziwi ni wetu, nasi tumewabandikia wao ububu. Na ukishamwita mtu bubu, ni rahisi sana kujiona una haki ya kumsemea.

Kumbi za zamani hazikuwa kimya hata hivyo. Palikuwa na piano, na katika majumba makubwa palikuwa na okestra nzima. Kampuni ya Wurlitzer ya Marekani ikatengeneza vinanda vya bomba kwa ajili ya sinema, ambavyo ndani yake mna ngoma, kengele, filimbi za ndege na honi za magari, ili mtu mmoja afanye kazi ya kundi zima. Mwaka 1924 Ernö Rapée akachapisha kitabu cha muziki kwa ajili ya wapiga piano na vinanda wa sinema, kilichopangwa kwa hali na matukio 52, na pembeni mwa kurasa mna orodha ili mpigaji apate haraka anachokitaka. Kuna vita? Fungua huku. Mapenzi? Fungua kule. Huzuni ina kurasa zake na mbio zina kurasa zake. Mpwa wangu hajawahi kukiona kitabu hicho, lakini anacho kichwani. Bendi ya harusi nayo ina orodha yake: bibi harusi anaingia, keki inakatwa, zawadi zinatolewa.

Silaumu orodha. Hakuna mpigaji anayeweza kubuni kila kitu upya kila usiku. Tatizo ni kwamba orodha inajibu swali la "hili ni tukio gani?", wakati shangazi alikuwa anauliza "huyu ni nani, na anapatwa na nini?" Mbio za kumfuata mwizi na mbio za kumfuata mwanao aliyechukuliwa, kwenye orodha ni ukurasa mmoja.

Mtu anaweza kuniambia kwamba naukuza mchezo. Muziki tu huo. Hebu tuchukue mfano mkubwa. Mwaka 1915 D. W. Griffith alitoa The Birth of a Nation, filamu ya kimya inayowaonyesha watu weusi wa Marekani kama tishio na Ku Klux Klan kama waokozi. Muziki wake ulipangwa na Joseph Carl Breil, na wale wapanda farasi waliojifunika mashuka walipokuja mbio, okestra iliwapigia Wagner, ule muziki wa majike wa vita wapandao farasi angani. Zima sauti uone: ni wanaume waliojifunika mashuka, wanakwenda kuua. Washa muziki: ni mashujaa, na moyo wako unakwenda mbio pamoja nao kabla akili haijafika. Mwaka huohuo Klan, lililokuwa limekufa, likafufuliwa. Sisemi fidla ndiyo iliyolifufua. Nasema yule aliyekaa na fidla yake ukumbini usiku ule hawezi kusema hakuwepo.

Na huku kwetu hatujapungukiwa mifano. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Walipiga picha zisizo na sauti, wakarekodi maelezo kwenye santuri kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, kisha wakazunguka na lori Afrika Mashariki na kwingineko, projekta ikizunguka huku na santuri ikizunguka kule. Masomo yalikuwa kodi, kuweka akiba posta, ugonjwa wa safura. Baadhi ya mafunzo yalikuwa na manufaa, hilo tulikubali. Lakini fikiria unakaa usiku unatazama mtu kama wewe anafungua mdomo kwenye pazia, na sauti inayokufikia ni ya waliokuja na lori.

Na usidhani sauti ikiwepo mambo yametengemaa. Mwaka 1976 ilitoka Shout at the Devil, wamo Lee Marvin na Roger Moore, ambayo chimbuko lake ni habari za Königsberg, ile meli ya vita ya Wajerumani iliyojificha kwenye delta yetu ya Rufiji hadi ilipozamishwa Julai 1915. Ina mizinga, ina milipuko, ina muziki wa kila aina. Ilipigwa Afrika Kusini na Malta. Watu wa delta, wenye mikoko yao na mitumbwi yao, ambao vita ile iliwapita juu ya vichwa, mle ndani hawana la kusema. Kama kuna filamu inayostahili kuitwa bubu, ni hiyo.

Yapo pia mambo mema upande wa pili, nisiyafiche. Kule Japani enzi za filamu za kimya walikuwapo wasimulizi walioitwa benshi, na watu walilipa kiingilio kumfuata msimulizi kuliko kuifuata filamu. Hapa Tanzania Kapteni Mukandala, tuliyemjua zaidi kwa jina la Lufufu, alitafsiri filamu za kigeni kwenye kanda, akawachambulia Waswahili mambo ambayo wasingeyapata. Kule Kenya kuna DJ Afro. Bibi yangu asiyejua Kiingereza hata neno moja alielewa filamu za kivita kwa sababu yupo mtu aliyeketi katikati yake na picha akamwambia. Kwa hiyo siwezi kusema kila anayeongeza sauti ni mwizi. Bila wao wengi wetu tungekuwa nje ya mlango.

Nilipomwambia mpwa wangu maneno ya shangazi, alinyamaza kidogo. Rafiki yake wa maiki ndiye aliyejibu. "Mjomba, watu walikuja kucheka. Ya kulia wanayo majumbani kwao, yanatosha." Niliondoka na jibu hilo, na kila nikilirudia naona lina uzito. Kumchekesha mtu aliyeumia si dhambi. Chaplin mwenyewe aliichanganya makusudi, hapa mbavu hapa machozi. Shangazi naye alicheka. Hakudai tufanye matanga.

Wiki mbili baadaye tukaionyesha tena, watu wachache zaidi. Nilikuwa nimemwambia mpwa wangu: ukifika pale kwenye lori, toa mikono kwenye kinanda. Na wewe wa maiki, usiseme kitu. Niliona nimepata dawa. Kama hatuna haki ya kumsemea mtoto, basi tunyamaze, mtoto ajisemee.

Lori likaja. Mikono ikatoka. Ikabaki sauti ya feni ya projekta na vyura wa bondeni. Mtoto akanyoosha mikono. Hakuna aliyecheka. Lakini hakuna aliyepumua vizuri pia. Niliona watu wanaangalia chini, mama mmoja akamvuta mwanawe mapajani. Sehemu ile haizidi dakika chache, ila ilikuwa ndefu. Shangazi alikuwepo, nyuma kabisa. Hakuondoka. Sikuweza kuusoma uso wake gizani, na huenda ni heri.

Ilipoisha, mzee mmoja, mkulima wa mpunga, alikuja kutushukuru. Akampa mpwa wangu mkono. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu, "Babu, mbona pale mlituacha?"

"Wapi, babu?"

"Pale kwenye gari. Mmekuja na sisi njia nzima, mkafika pale mkatuacha. Kimya hicho sisi tunacho."

Nilikosa usingizi kwa sababu ya neno hilo. Nilikuwa nimedhani kunyamaza ni mahali safi pa kusimama, mtu hanidai wala simdai. Kumbe kwa watu walionyamazishwa, kunyamaza kwangu si heshima, ni kuwaacha walipo. Na ukitazama vizuri, hata kutoa mikono ni kupiga. Nilichagua kipande cha muziki kisicho na noti, nikawapigia bila kuwauliza, kama rafiki wa maiki alivyochagua mzaha wake.

Basi pasipo sehemu safi, mtu afanyeje? Kilichonisaidia ni neno letu wenyewe. Tunasema mwimbaji alisindikizwa na kinanda, wimbo ulisindikizwa na ngoma. Neno hilohilo ndilo alilolifanya shangazi siku ile aliponiaga. Na kusindikiza kuna adabu zake, ambazo kila mtoto wa pwani amezijua bila kufundishwa. Unayemsindikiza ndiye anayejua anakokwenda; wewe humwongozi. Mwendo ni wake: akiwa mzee unapunguza, akiwa na haraka unaharakisha. Unaweza kumbebea mzigo, lakini unajua mzigo ni wake na utamrudishia. Mnaongea akitaka kuongea. Akinyamaza, unanyamaza naye, lakini unaendelea kutembea. Humwachi katikati ya njia eti kwa sababu amekaa kimya. Na pana mahali unasimama, kwenye mwembe au kwenye daraja, unamwambia nenda salama, kwa sababu safari iliyobaki si yako.

Nikipima kwa adabu hizo, usiku wa kwanza tulimkokota mgeni kwa kumshika shati, tukimchezesha mchiriku. Usiku wa pili tulimwacha njiani. Breil na okestra yake waliwasindikiza wauaji, na kuna watu ambao adabu ni kuwaambia wakienda, waende peke yao. Santuri ya Vugiri ilimbebea mtu mdomo wake na haikumrudishia. Na Gwanda, kadiri ninavyoelewa kazi ya mwandishi wa habari, alikuwa akisindikiza: alitembea na habari za watu wa huku mpaka zikafika mahali pa kusikika. Wanaotaka sote tunyamaze wanaijua tofauti kati ya kusindikiza na kupiga kelele, pengine kuliko sisi.

Kwa hiyo jibu langu kwa lile swali ni ndiyo, mpigaji anawajibika. Anawajibika kwa kitu kimoja kabla ya vingine vyote: anamtazama nani wakati anapiga. Usiku wa kwanza mpwa wangu alikuwa anatazama watu, kuona kama wanafurahi. Ni tabia ya harusini, na harusini ni sawa. Usiku wa pili alikuwa ananitazama mimi, kusubiri ishara. Usiku wote huo wawili, mtoto wa kwenye lori hakutazamwa na mtu aliyekuwa na mikono juu ya kinanda.

Mwezi ujao tunaipeleka Nyamisati, kule wanakopandia boti za Mafia; shule ya pale imetukubalia ukuta wake. Mpwa wangu ameigeuza meza ya kinanda, sasa ataipa hadhira mgongo na kuelekea pazia. Nimemuuliza atapiga nini lori likija. Amesema bado hajui, anajaribu sauti moja ya chini, ile ya kinanda cha kanisani, anaishikilia tu, lakini anaona inazidi huzuni. Ameniomba nisimwambie la kufanya. Juzi amekwenda kwa shangazi kumwomba waende wote Nyamisati. Shangazi amesema atakuja kama boda ya kurudi itapatikana.